Bi Wambui Waiyaki Otieno: Zaidi ya mjane wa kesi ya maziko

Ukiteremka kutoka Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi ukaingia River Road, utahisi kwamba umeuacha mji mmoja na kuingia mji mwingine. Nyuma yako yamebaki majengo ya benki na ofisi za serikali. Mbele yako yamebanana maduka ya rejareja, wapiga chapa, mafundi wa redio na saa, mikahawa ya chai na mandazi, na nyumba za kulala wageni, huku makondakta wakipaza sauti kuwaita wasafiri wa masafa marefu. Mwandishi Meja Mwangi aliitia barabara hii katika jina la riwaya yake ya mwaka 1976, na miaka ya karibuni filamu za gharama nafuu zinazotengenezwa humo zimepewa jina la Riverwood. Wengi wetu huipita mbio mbio tukiwa tumeshikilia mikoba yetu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita barabara hii ilikuwa mpaka.

Mpaka huo haukuwekewa ukuta, lakini kila mtu aliujua. Magharibi ya mji, katika vitongoji kama Kilimani, Lavington na Karen, Wazungu waliishi katika nyumba zenye bustani pana. Wahindi walikuwa na maduka yao katikati ya mji na makazi yao pande za Ngara na Parklands. Waafrika walisongamana mashariki: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati. River Road na jirani yake Grogan Road, ambayo leo ni Barabara ya Kirinyaga, zilikuwa mshono uliounganisha vipande hivyo. Mpishi, yaya na mtunza bustani walikwenda magharibi kufanya kazi, na siku ya mapumziko wakarudi mashariki kuwaona jamaa zao. Mtumishi huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuwapo pande zote mbili. Aliitwa boi hata akiwa na mvi kichwani, na aliyekuwa akimwita hivyo hakumshuku kuwa ana masikio.

Msichana mmoja alilitambua jambo hilo mapema na akalifanya silaha. Jina lake ni Wambui Waiyaki, aliyekuja kujulikana baadaye kama Bi Wambui Otieno.

Mwulize Mkenya yeyote wa makamo habari za mama huyu na bila shaka atakupa majibu mawili. La kwanza ni kesi ya mwaka 1987 kuhusu mahali pa kumzika mumewe, wakili S.M. Otieno. La pili ni ndoa yake ya mwaka 2003 na kijana wa umri wa miaka 25, ilhali yeye alikuwa na miaka 67. Tazama basi: majibu yote mawili yanahusu waume. Maisha ya siasa yaliyoanza mwaka 1952 na kukoma kwa kifo chake mwaka 2011, karibu miaka 60, yamefunikwa na jeneza la mume mmoja na pete ya mwingine.

Hoja ya makala haya ni kwamba tumemkumbuka Bi Wambui kwa namna iliyopinda, na kwamba kupinda huko kuna hasara kwa vijana wetu walio shuleni. Aidha, nitajaribu kuonyesha kuwa hata kesi ile ya maziko, ambayo wengi huiona kuwa ugomvi wa kifamilia, ilikuwa ya kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho.

BINTI WA INSPEKTA

Bi Wambui alizaliwa mwaka 1936 katika ukoo mashuhuri wa Kiambu. Yeye ni kitukuu cha Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wagikuyu wa Dagoretti aliyekosana na maofisa wa kampuni ya Kiingereza na kufia Kibwezi mwaka 1892 alipokuwa akipelekwa pwani akiwa mateka. Barabara kuu inayotoka Westlands kuelekea Kikuyu, Waiyaki Way, imebeba jina la ukoo huo. Hata hivyo, babake Wambui, Mzee Tiras Waiyaki, alikuwa amepanda ngazi katika utumishi wa serikali ya kikoloni hadi akawa Mwafrika wa kwanza kufikia cheo cha inspekta mkuu wa polisi nchini Kenya.

Hebu fikiria hali ya nyumba hiyo. Ukutani, kwa njia ya kusema, imetundikwa kumbukumbu ya babu aliyeuawa na utawala wa kigeni. Kwenye kiti ameketi baba aliyevaa sare ya utawala huo huo. Katika mwaka 1952, mwaka ambao serikali ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, binti huyo mwenye umri wa miaka 16 alikula kiapo cha Mau Mau. Baada ya muda aliondoka nyumbani kwao na kuingia Nairobi kuifanya kazi ya harakati.

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba Mau Mau ilikuwa vita vya msituni, katika milima ya Nyandarua na Kirinyaga. Ni kweli, lakini msitu haukuweza kuishi bila mji. Risasi, dawa, nguo, fedha na habari zilitoka Nairobi. Serikali ilipolitambua hilo, tarehe 24 Aprili 1954 iliuzingira mji kwa maelfu ya askari katika operesheni iliyoitwa Anvil, yaani fuawe. Nyumba hadi nyumba, mtaa hadi mtaa, Wagikuyu, Waembu na Wameru walitolewa, wakapangwa mistari na kuchunguzwa. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Wengi walipitia kwanza kambi ya Lang'ata kabla ya kusafirishwa hadi Manyani na Mackinnon Road.

Ni katika mji wa namna hiyo ambapo Bi Wambui alifanya kazi ya upelelezi. Kama alivyoeleza katika kitabu chake, aliwaandikisha watumishi wa nyumbani, wanaume kwa wanawake, wasikilize mazungumzo ya mabwana zao mezani, wachunguze nani analala wapi, na inapowezekana watoe silaha. Wapelelezi hao hawakuwa na bunduki wala vyeo. Nguvu yao ilikuwa dharau ya mwajiri. Bwana aliyeamini kwamba yaya wake hana akili alizungumza mbele yake bila kujichunga, na yaya akayabeba maneno hayo hadi ng'ambo ya mpaka.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Tarehe 12 Septemba 2015 sanamu ya ukumbusho wa Mau Mau ilizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park. Inamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, wote wawili wakiwa wamegeuza nyuso ili mmoja asije akamtaja mwenziwe akikamatwa. Ni sanamu nzuri na yenye ukweli ndani yake, kwani wanawake wengi walihatarisha maisha yao kwa kupeleka chakula. Lakini mwanamke wa Mau Mau hakuwa mpishi tu. Alikuwa pia mpangaji, mjumbe, mpelelezi na kiongozi wa wengine. Anayetaka ushahidi na aanze na Bi Wambui.

KUTOKA SIRINI HADI KWENYE KURA

Misitu iliponyamaza, siasa za mjini zilifufuka. Tom Mboya alianzisha chama cha Nairobi People's Convention Party, na Bi Wambui akawa miongoni mwa nguzo zake, akiliongoza tawi la wanawake. Walipinga ubaguzi wa rangi na kudai Jomo Kenyatta aachiliwe. Hali ya hatari iliondolewa rasmi Januari 1960, lakini kwake yeye haikuondoka. Mwaka huo huo alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, mbali na watoto wake, hadi mapema mwaka 1961. Katika kitabu chake aliandika waziwazi kwamba alipokuwa kizuizini alibakwa na afisa wa Kiingereza.

Sentensi hiyo ilihitaji ujasiri usio mdogo. Kitabu chenyewe, Mau Mau's Daughter, kilichapishwa mwaka 1998, wakati ambapo marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilikuwa bado haijafutwa katika sheria za Kenya. Ilifutwa mwaka 2003. Isitoshe, ilikuwa bado miaka 11 kabla ya wazee waliodhulumiwa kambini, akiwamo Bi Jane Muthoni Mara, kuishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Serikali hiyo ilikubali mwaka 2013 kuwalipa fidia wadai 5,228. Bi Wambui hakuishi kuiona siku hiyo, lakini alikuwa ameshasema mapema yale ambayo jamii iliwataka wanawake wayameze.

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, alifunga ndoa na Silvano Melea Otieno, wakili kutoka Siaya. Ilikuwa ndoa ya Mgikuyu na Mjaluo, na katika miaka ile ya mwanzo ilionekana kama ishara ya taifa jipya. Ishara hiyo ilitiwa kwenye tanuri mwaka 1969. Tarehe 5 Julai, Tom Mboya aliuawa kwa risasi mchana kweupe katika Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Oktoba, umati ulipigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Uhasama kati ya jamii hizo mbili ulifikia kilele.

Katika mwaka huo wa machungu, Bi Wambui Otieno alijitokeza kuwania kiti cha bunge katika jimbo la Lang'ata. Jina lake la kwanza lilitoka upande mmoja wa uhasama na la mwisho upande wa pili. Aliomba kura mahali pale pale ambapo, miaka 15 kabla, watu waliokamatwa katika operesheni ya Anvil walikuwa wamefungiwa. Hakushinda, wala hakushinda alipojaribu tena mwaka 1974. Mwaka ule wa 1969 ni mwanamke mmoja tu aliyechaguliwa katika viti 158, naye ni Bi Grace Onyango wa Kisumu, aliyekuwa tayari amevunja mwiko mwingine mwaka 1965 alipokuwa meya wa mji huo.

Kuna watakaouliza: Je, mtu ambaye hakuwahi kuchaguliwa anaweza kuitwa kiongozi wa kisiasa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kura huhesabu waliopata nafasi, haihesabu walioitengeneza. Bunge la mwaka 2017 lilikuwa na wanawake 23 waliochaguliwa na maeneo bunge, kati ya 290. Idadi hiyo bado ni ndogo, lakini haikutoka hewani. Ilitanguliwa na wanawake waliosimama majukwaani wakati ambapo kusimama kwenyewe kulichukuliwa kuwa ukosefu wa adabu. Mwenye kuangua embe humkumbuka aliyeupanda mwembe, hata kama mpanzi hakuonja tunda.

SIKU 154

Tunafika sasa kwenye jambo lililomfanya Bi Wambui ajulikane katika kila kijiji. S.M. Otieno aliaga dunia ghafla tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong, na akasema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ndugu wa marehemu, Bw Joash Ochieng Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, walishikilia kwamba azikwe Nyalgunga, Siaya, kwenye ardhi ya baba zake. Mwili ukabaki katika chumba cha maiti cha jiji, nao mawakili wakaingia ulingoni: Bw John Khaminwa kwa upande wa mjane, Bw Richard Kwach kwa upande wa ukoo.

Hapana budi tuwe waadilifu. Ukoo haukuwa genge la wakorofi. Ulikuwa na hoja yenye uzito kwa mamilioni ya watu: kwamba nyumba ya mjini si boma, kwamba mtu huzaliwa ndani ya watu na hurudi kwao, na kwamba maiti isiyozikwa ipasavyo huwaachia walio hai mzigo. Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafalsafa aliyeheshimika, aliitwa mahakamani kueleza maana ya mila hizo. Upande wa mjane nao ulikuwa na hoja yake: kwamba Otieno aliishi mjini kwa hiari yake, alioa kwa sheria iliyoandikwa, na kwamba mke aliyeishi naye zaidi ya miaka 20 ndiye aliyeijua nia yake kuliko yeyote.

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo ushindi. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo, ikisema kwa jumla kwamba Mjaluo aliyezaliwa Mjaluo hawezi kujivua mila zake kwa kuishi maisha ya kisasa, na kwamba chini ya mila hizo mjane hana haki ya peke yake ya kumzika mumewe. Tarehe 23 Mei, siku ya 154 tangu kifo chake, Otieno alizikwa Nyalgunga. Mjane wake hakuhudhuria.

Wengi walipoitazama kesi hiyo waliona Wagikuyu wakipambana na Wajaluo. Wengine waliona usasa ukipambana na mila. Lakini ukizisoma sheria za wakati ule, utaona jambo la tatu. Kifungu cha 82 cha katiba ya zamani kilikataza sheria za kibaguzi, kisha kikaweka mlango wa nyuma: katazo hilo halikuhusu mambo ya kuasili watoto, ndoa, talaka, maziko na urithi. Fauka ya hayo, katika orodha ya aina za ubaguzi uliokatazwa, jinsia haikutajwa kabisa. Iliongezwa mwaka 1997. Kwa maneno mengine, mwaka 1987 mwanamke wa Kenya alikuwa raia kamili akiwa kwenye foleni ya kura, lakini uraia huo ulimwishia mlangoni mwa nyumba yake. Ndani ya ndoa, kwenye kaburi na kwenye urithi, wengine walizungumza kwa niaba yake.

Kinaya ni kwamba Julai 1985, miezi 17 tu kabla ya kifo cha Otieno, wajumbe kutoka pembe zote za dunia walikuwa wamekutana katika jumba la KICC, Nairobi, kwenye kongamano la Umoja wa Mataifa lililohitimisha Mwongo wa Wanawake. Maazimio mazuri yalipitishwa kuhusu usawa. Bi Wambui, aliyekuwa mwanachama hodari wa jumuiya za wanawake, alikuja kugundua umbali uliopo kati ya azimio la kongamano na hukumu ya mahakama. Majengo hayo mawili, KICC na lile lililokuwa la Mahakama Kuu wakati huo, ni majirani. Unaweza kutembea kutoka moja hadi jingine bila kutoa jasho.

KILICHOBADILIKA

Mapambano ya kuandika katiba mpya yalichukua miaka mingi na yalikuwa ya watu wengi. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba Bi Wambui peke yake ndiye aliyeleta mabadiliko. Lakini kesi yake iliwapa mawakili, walimu na wanaharakati mfano ulio hai, usiohitaji kufafanuliwa. Kila mmoja nchini alikuwa na msimamo juu yake.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliufunga ule mlango wa nyuma. Kifungu cha 2 kinasema kwamba sheria yoyote, ikiwemo ya kimila, inayopingana na katiba ni batili. Kifungu cha 27 kinampa mwanamke na mwanamume haki sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Kifungu cha 45 kinasema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na wakati wa kuivunja. Bi Wambui alifariki tarehe 30 Agosti 2011, mwaka mmoja na siku tatu baada ya katiba hiyo kuzinduliwa.

Hata hivyo, msomaji asidhani safari imekwisha. Katiba hiyo hiyo inasema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa taasisi yoyote ya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kulitekeleza sharti hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, tarehe 21 Septemba 2020, alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Sheria iliyo kwenye karatasi ni kama mvua iliyo mawinguni. Mkulima hawezi kuipandia mbegu.

HARUSI NA KUMBUKUMBU

Kuhusu ndoa ya mwaka 2003 nitasema machache, kwa kuwa yamekwisha kusemwa mengi mno. Wanaume wazee wanaooa wasichana wadogo kuliko wajukuu wao hawajawahi kuwa habari ya ukurasa wa kwanza katika nchi yetu. Bi Wambui alipofanya kinyume chake, magazeti, redio na mimbari zilishughulika kwa majuma kadhaa. Katika mwaka huo huo marufuku dhidi ya Mau Mau ilifutwa, tukio ambalo yeye alikuwa na haki ya kulisherehekea kuliko wengi waliolitolea hotuba. Ni wangapi kati yetu tuliyaunganisha mambo hayo mawili? Tulikuwa na mpigania uhuru aliye hai, mwenye kumbukumbu timamu, nasi tukamwuliza habari za fungate.

Wala hakukubali kustaafu. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 71, aliunda chama alichokiita Kenya People's Convention Party, jina lililokumbusha chama cha ujana wake, akawania ubunge wa Kamukunji. Kamukunji imeanzia pale River Road inapoishia upande wa mashariki. Ni ile Pumwani na Shauri Moyo ya mapambano ya zamani. Hakushinda safari hiyo pia.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Mwalimu anayetaka kuifundisha historia hii asimfanye Bi Wambui malaika. Kitabu chake ni ushahidi wa mtu anayejieleza mwenyewe, na kila anayejieleza huchagua cha kusema. Wanafunzi wakisome pamoja na hukumu za mahakama, magazeti ya mwaka 1987, na kitabu cha Cohen na Atieno Odhiambo, Burying SM, cha mwaka 1992, kisha waulize: Mashahidi hawa wanakubaliana wapi? Wanapingana wapi, na kwa nini? Darasa linaweza kugawanywa pande mbili, moja limtetee mjane na jingine liutetee ukoo, halafu pande zibadilishane. Mwanafunzi aliyetetea hoja asiyoipenda hujifunza zaidi ya aliyekariri tarehe kumi.

Jambo lingine ni kwamba Bi Wambui hakutoka katika nyumba ya kimaskini. Babake alikuwa afisa, kakake Dkt Munyua Waiyaki alikuwa waziri wa mambo ya nje katika miaka ya sabini, mumewe alikuwa wakili mwenye jina. Alikuwa na elimu ya kuandika kitabu na marafiki wa kumsaidia kukichapisha. Hilo halipunguzi ujasiri wake, lakini linatukumbusha wale aliowaandikisha. Yule yaya wa Kilimani, yule mpishi wa Lavington aliyebeba habari kwenye kikapu cha mboga hadi ng'ambo ya River Road, hakuandika kitabu. Hakuna mahakama iliyosikiliza kesi yake, wala hakuna gazeti lililojua harusi yake ilikuwa lini.

Kazi hiyo imebaki mikononi mwa shule. Mwanafunzi mmoja, akiwa na daftari na simu yenye kinasa sauti, anaweza kumwendea nyanya katika kijiji chao na kumwuliza alikuwa wapi mwaka 1954, alifanya kazi kwa nani, na aliyasikia nini akiwa anapakua chakula. Mwalimu anaweza kuyakusanya majibu hayo, kuyalinganisha na kuyaweka katika maktaba ya shule, na vijana wa Riverwood wenye kamera wanaweza kupata humo hadithi bora kuliko vichekesho vya ndoa.

Kazi hiyo haitangoji muhula ujao. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa operesheni ya Anvil sasa amepita miaka 90, na anayoyajua bado hajaulizwa.